Nani Anaweza Kuihukumu Baa?

Kuihukumu baa ni kutamka mambo matatu kwa pumzi moja: kwamba bia yake ni nzuri, kwamba huduma yake ni nzuri, na kwamba mahali penyewe panakalika. Watu wanaozunguka baa za mjini na kuzipa alama huyajumlisha matatu hayo yakawa namba moja, na msomaji huipokea namba hiyo kana kwamba imetoka kwenye mizani. Lakini kila hukumu kati ya hizo ina asili yake. Ya kwanza inahusu kitu kilichomo ndani ya glasi. Ya pili inahusu namna mtu anavyomtendea mwenzake. Ya tatu inahusu mahali ambapo mwamuzi mwenyewe ameketi, akinywa na kuzungumza, naye ni sehemu ya kile anachokihukumu. Swali la kifalsafa ni kujua ipi kati ya hizo inaweza kuwa ya kweli au ya uongo, na ipi inaishia mdomoni mwa aliyeisema.

Desturi hii imeota mizizi zaidi Uingereza, ambako jina lenyewe la baa, pub, lina maana ya nyumba ya umma: ni nyumba ya mtu, ila mlango wake u wazi kwa kila mpita njia. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa likizoni Ireland walianzisha kampeni ya kuitetea bia ya pipa, ambayo leo inajulikana kwa kifupi kama CAMRA. Wakati huo viwanda vikubwa vilikuwa vinaiondoa bia hiyo sokoni na kuleta bia iliyochujwa, ikapashwa moto mpaka hamira ikafa, kisha ikasukumwa kwa gesi. Tangu mwaka 1974 chama hicho huchapisha mwongozo wa baa. Wanaozitembelea si waajiriwa. Ni wanachama wa kujitolea, nao huipa bia alama kuanzia 0 hadi 5. Katika kuchagua baa bora ya mwaka huangalia pia makaribisho, mazingira, na nafasi ya baa hiyo katika maisha ya mtaa wake.

Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, unafaa sana kwa kulichunguza swali hili, maana ni mji wa baa na ni mji wa David Hume. Mwanafalsafa huyo alizaliwa huko mwaka 1711 na akafia huko mwaka 1776. Mwaka 1757 alitoa insha juu ya kipimo cha ladha, na ndani yake akasimulia upya kisa alichokitoa katika Don Quixote, riwaya ya Cervantes. Ndugu wawili wa Sancho Panza, mtumishi wa Don Quixote, wanaitwa waonje mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza anasema ni mzuri, ila una kiladha kidogo cha ngozi. Wa pili naye anausifu, ila anasikia chuma. Waliohudhuria wanawacheka wote wawili. Pipa lilipomalizika, chini yake kukaonekana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa kamba ya ngozi.

Kisa hicho kinastahili kutafakariwa. Waonjaji wawili walitofautiana, na mtu wa haraka angesema kwamba kutofautiana kwao ni ushahidi kuwa ladha haina ukweli. Ufunguo unaonyesha kinyume chake. Kila mmoja alisikia nusu ya jambo, na waliocheka hawakusikia chochote. Ukweli ulikuwepo chini ya pipa tangu mwanzo, ukisubiri ulimi wa kuufikia. Ndiyo maana Hume hakuridhika na kauli kwamba kila mtu na ladha yake. Alitaja sifa anazopaswa kuwa nazo mwamuzi wa kweli: akili iliyotulia, hisia nyepesi ya kunasa jambo dogo, mazoezi, uzoefu wa kulinganisha kitu na kitu, na moyo uliojitenga na upendeleo.

Bia ya pipa inamfaa Hume kuliko hata ule mvinyo wa Sancho, kwa sababu iko hai. Inafika baa ikiwa haijamaliza kuchachuka. Hamira bado inafanya kazi ndani ya pipa, na kazi hiyo inakamilikia katika chumba cha chini, mikononi mwa mwenye baa. Pipa la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72, karibu lita 41. Linalazwa ubavu, na juu yake huchomekwa kijiti laini cha mbao kinachopitisha gesi iliyozidi. Baadaye huwekwa kigumu cha kuizuia ile iliyobaki. Mashapo huteremshwa kwa kitu kinachotengenezwa kutokana na kile ambacho wafanyabiashara wa samaki wa Mwanza wanakiita mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki. Chumba kinatakiwa kiwe na baridi ya nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Pipa likishaanza kunywewa, kila painti inayovutwa kwa pampu ya mkono inaacha nafasi inayojazwa na hewa, na kuanzia hapo bia ina siku kama tatu za ubora wake.

Anayeijua mbege ya Kilimanjaro ameshaelewa. Pombe hiyo ya ndizi na ulezi, iliyotiwa uchungu kwa gome la msesewe, haibaki ileile leo na kesho. Ikiwa changa ni tamu. Ikikaa inakuwa kali. Ikizidi kukaa inageuka chachu isiyonyweka. Mnywaji wake haulizi tu mbege hii ni ya nani, anauliza pia ni ya lini. Bia ya chupa imewasahaulisha watu wa mjini swali hilo la pili, na ni hasara, kwa kuwa swali la lini ndilo linalomfanya mwuzaji awajibike kwa anachokiuza.

Mwonjaji mzoefu huanza kwa macho. Huinua glasi kwenye mwanga kuona kama bia imetakata, kisha huangalia pete za povu zinazobaki kwenye kioo kila funda linaposhuka. Glasi yenye mafuta haiachi pete. Hunusa kabla ya kunywa. Funda la kwanza hulizungusha mdomoni bila haraka. Kasoro anazozitafuta zina majina, na kila moja ina ufunguo wake chini ya pipa. Harufu ya siki inasema kwamba pipa limekaa wazi kupita muda wake. Ladha ya siagi inaweza kuonyesha kuwa hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi. Ladha ya boksi lililolowa ni alama ya bia iliyopigwa na hewa. Bia iliyolala, isiyochangamka ulimini, imepoteza gesi yake. Mabomba ambayo hayakusafishwa kila wiki hujitangaza yenyewe. Haya ni mambo ambayo watu wawili wasiojuana, walioingia saa tofauti, wanaweza kuyaandika kwa maneno yanayofanana, na mwenye baa akishuka chini akayathibitisha.

Mwanafalsafa Immanuel Kant angepinga. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uwezo wa kuhukumu, alitenga kinachopendeza ulimini na kilicho kizuri. Mtu akisema kwamba mvinyo wa visiwa vya Kanari unapendeza, atakubali kusahihishwa kwamba unampendeza yeye. Ni anaposema kuwa kitu ni kizuri ndipo anapodai kila mtu akubaliane naye. Kwa hesabu hiyo bia haimo kabisa katika hukumu, na wanaoipa alama wanajisumbua.

Kant ana haki nusu. Kuna mtu anayependa bia nyeusi yenye harufu ya kimea kilichochomwa, na kuna anayependa ya rangi ya dhahabu yenye uchungu wa hopsi, na hakuna hoja ya kumtoa mmoja wao alipo. Wanywaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanaulizwa kila jioni kama wanataka ya baridi au ya moto, na anayechagua ya moto haonekani kuwa amekosea. Lakini hao hao wa baridi na wa moto wakiletewa bia iliyoharibika wataikataa wote kwa sauti moja. Upendeleo ni wa mtu. Kasoro ni ya kitu. Mwamuzi anayeipunguzia baa alama kwa kuwa yeye hapendi bia nyeusi amejihukumu mwenyewe, na hukumu yake haina faida kwa yeyote asiyekuwa yeye.

Liko tatizo jingine ambalo Hume hakuligusa, nalo ni zito kwa kazi hii. Kipimo kinachotumika ni mwili wa mtu, na kinachopimwa kinaubadilisha mwili huo. Painti moja ya bia yenye kileo cha asilimia 4 ina mililita 568, na ndani yake mna karibu mililita 23 za kileo chenyewe, ambazo kwa hesabu ya Uingereza ni yuniti 2.3. Ushauri wa madaktari wa serikali ya huko tangu mwaka 2016 ni kutozidi yuniti 14 kwa wiki. Mwamuzi anayezunguka baa sita na kunywa painti moja kila mahali anakaribia kikomo cha wiki nzima kabla ya kwenda kulala. Baa ya kwanza ilihukumiwa na mtu mwenye kiu na ulimi safi. Ya sita inahukumiwa na mtu mchangamfu asiyeweza tena kunasa ule ufunguo. Kwa hiyo wanaoifanya kazi hii kwa uaminifu huagiza nusu painti, hunywa maji katikati, huandika papo hapo, na safari inayofuata huanzia pale ilipoishia ile ya mwanzo. Hatua hizi zinaonekana ndogo, lakini bila hizo alama inayotolewa haihusu baa. Inahusu saa ngapi usiku.

Huduma ni jambo la aina nyingine kabisa. Hapa kinachohukumiwa ni mwenendo, na hukumu ya mwenendo ni ya maadili hata pale inapovaa mavazi ya starehe. Katika baa nyingi za Afrika Mashariki mhudumu huja na chupa ikiwa bado na kizibo chake. Huiweka mezani. Mteja huigusa ubavuni kwa kiganja, akaridhika na ubaridi wake au akaomba nyingine, na ndipo kizibo kinapotoka, mbele ya macho yake. Chupa iliyokuja ikiwa imefunguliwa inarudishwa, tena bila ugomvi, kwa sababu kila mtu anajua kwa nini. Tendo hilo dogo lina ukoo na desturi ya vijijini ya mwenyeji kuonja kata yeye kwanza kabla ya kumpa mgeni. Yote mawili yanamwambia anayekunywa kwamba yuko salama.

Uaminifu huo una sura nyingi. Ni kipimo kilichojaa, ni chenji iliyo sahihi, ni kutambua zamu. Katika baa za Uingereza watu hawapangi foleni. Wanasimama kando ya kaunta, na mhudumu anatunza kichwani nani alitangulia. Anapomruka mgeni na kumpa rafiki yake, hakuna sheria iliyovunjwa, lakini kaunta nzima inajua kwamba mtu ameonewa. Wengi hutoa alama za huduma kwa kuangalia kasi, na hilo ni kosa. Kasi ni rahisi kuihesabu, ila mgeni aliyengoja dakika kumi kwa haki ametendewa vizuri kuliko aliyeharakishiwa kwa kupendelewa.

Ugumu unaanza pale tabasamu linapowekwa kwenye orodha ya kupimwa. Mwanasosholojia Arlie Hochschild alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1983, kwa kuwachunguza wahudumu wa ndege, kwamba mfanyakazi wa huduma huuza hisia zake pamoja na nguvu zake: anatakiwa atengeneze uchangamfu ndani yake ili mteja ajisikie vizuri. Mwamuzi anapotoa alama kwa tabasamu, mwenye baa anaanza kulidai tabasamu hilo kama anavyodai meza ifutwe. Katika miji ya Afrika Mashariki jambo hili si la nadharia. Wahudumu wengi wa baa ni wanawake vijana wenye ujira mdogo, na midomoni mwa baadhi ya wateja huduma nzuri imekuwa na maana ya msichana kunyamaza anaposhikwashikwa. Mwamuzi anayeondoka hapo na kuandika kwamba wahudumu ni wachangamfu ameandika uongo, hata kama yeye mwenyewe alifurahi.

Kipimo cha kweli cha huduma kiko mahali ambapo wengi hawaangalii. Baa ni miongoni mwa biashara chache ambamo kumnyima mteja bidhaa ni sehemu ya kumhudumia vizuri. Sheria ya leseni ya Uskoti ya mwaka 2005 inafanya kumwuzia pombe mtu aliyekwisha kulewa kuwa kosa, lakini sheria haiwezi kukaa kaunta usiku kucha. Anayekaa pale ni mhudumu. Je, anaweza kumwambia mteja mzito wa mfuko kwamba inatosha? Je, akisema hivyo, mwenye baa atamsimamia? Je, anaweza kumwambia mteja aondoe mkono wake, na mkono ukaondoka? Baa ambayo majibu yake ni ndiyo ina huduma nzuri, hata kama bia ilichelewa. Na hili halionekani katika ziara ya nusu saa ya alasiri. Mwamuzi anayetaka kulijua inambidi akae mpaka saa nzito za usiku, akiwa na akili zake.

Mazingira ndiyo hukumu ngumu kuliko zote. Mwandishi George Orwell aliyazungumzia mwaka 1946 katika makala ya gazeti la Evening Standard la London. Aliieleza baa aipendayo kwa sifa kumi, akayapa mazingira uzito kuliko bia, na mwishoni akakiri kwamba baa hiyo haipo. Baadhi ya sifa alizozitaja zilihusu watu: utulivu wa kuwezesha mazungumzo, wahudumu wanaowajua wateja wao kwa majina, watoto wenye bustani ya kuchezea. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kununuliwa dukani na kufungwa ukutani.

Hapo Edinburgh inatoa mifano miwili inayopingana. Café Royal, karibu na mwisho wa Princes Street upande wa mashariki, ina kaunta ya mviringo katikati ya ukumbi na kuta zenye picha kubwa za vigae vya Doulton zinazoonyesha wavumbuzi, wakiwemo James Watt na Michael Faraday. Uzuri wake ni wa aina aliyoitambua Kant: mtu anaweza kusimama mlangoni bila kuagiza chochote na kudai kwamba kila mwenye macho akubali. Oxford Bar, katika uchochoro wa Young Street, haina cha kuonyesha. Ni kaunta finyu ya kusimama na chumba cha nyuma chenye meza chache, na umaarufu wake nje ya mji unatokana na riwaya za Ian Rankin, ambaye mpelelezi wake Rebus hunywea humo. Anayehukumu kwa macho ataipa ya kwanza alama zote. Anayehukumu kwa masikio atasita. Chumba kidogo kinachowalazimisha watu wasiojuana kusogeleana kina kazi yake, na mazungumzo yanayozaliwa humo hayapatikani kwa vigae.

Sasa waingie waamuzi sita, wote kwa mara moja, na madaftari yao. Chumba kilichokuwa na watu wanane kina watu kumi na wanne. Mazungumzo yanapungua sauti, au yanapanda ili kuwashinda wageni. Walichokuja kukipima kimeondoka walipofungua mlango. Bia haibadiliki kwa kuangaliwa, mazingira yanabadilika. Na baada ya hukumu kuchapishwa yanabadilika zaidi, kwa kuwa baa iliyosifiwa kwa utulivu inajaa watu waliousikia utulivu huo. Mwamuzi wa mazingira anawajibika kwa namna ambayo mwonjaji wa bia hawajibiki: anaingia katika nyumba ya watu wengine, na maneno yake yanaweza kuwatoa.

Kwa sababu hiyo mgeni wa mara moja hana kauli ya mwisho juu ya mazingira, wala mteja wa kila siku hana. Mteja wa kila siku anapaona pazuri kwa kuwa amezoeleka hapo, na hawezi tena kuona kwamba anayeingia peke yake, mwanamke, au mwenye rangi au lafudhi tofauti, anakatwa jicho. Mgeni analiona jicho hilo lakini haoni urafiki wa miaka ishirini uliopo nyuma yake. Hukumu inayokaribia haki inawahitaji wote wawili, na inahitaji siku tofauti: Jumanne mchana, Ijumaa usiku, siku ya mpira na siku ya mvua.

Linabaki suala la asiyekunywa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakataza hata kukaa kwenye meza inayonywewa pombe, na kwa anayeshika hilo mjadala umeisha mlangoni. Lakini wapo wanaoingia bila kunywa: dereva wa wenzake, mjamzito, Mlokole aliyekuja kwa ajili ya nyama choma, mtu aliyeacha pombe baada ya kuumizwa nayo. Hao hawawezi kusema lolote kuhusu bia. Kuhusu mambo mawili yaliyobaki, ushahidi wao una uzito kuliko wa mnywaji, kwa kuwa kipimo chao hakibadiliki usiku unavyokwenda, na kwa kuwa wanaleta faida ndogo. Namna mhudumu anavyomtazama mwenye soda moja saa ya tatu ya kukaa inaeleza habari ya baa hiyo ambayo mwenye bia ya tano hataipata kamwe.

Hukumu yenyewe ina pa kuanzia kabla ya kuandikwa popote. Katika baa za bia ya pipa, mteja aliyepewa painti mbovu huirudisha kaunta. Hana haja ya kupaza sauti wala ya kutaja jina la kasoro. Mhudumu anayejua kazi yake habishani. Huiinua glasi kwenye mwanga, huinusa, huonja kidogo. Akiona mteja ana haki, huimwaga, humvutia nyingine kutoka pipa jingine, kisha hukigeuza kile kibao kilicho mbele ya pampu, jina la bia likaangalia ndani, ili atakayefuata asiagize.